Namna ya Kunyonga Baiskeli Suneka Bila Kwenda Popote

Kabla hujajaza tairi upepo, kabla hujampigia rafiki hata mmoja simu, tayarisha jibu. Kati ya mlango wa nyumba yako na barabara kuu utaulizwa swali lilelile mara kumi: "Mnaenda wapi?" Usikasirike. Hapa Suneka mtu aliye juu ya baiskeli ana shughuli, na shughuli yenyewe inaonekana: mkungu wa ndizi umelala kwenye keria, mtungi wa maziwa umefungwa kwa mpira wa tyubu, kreti ya mikate imempita mwendeshaji urefu. Ukitokea na keria tupu, nyuma yako wanne wengine, watu wazima, keria zao tupu vilevile, na nyote mnacheka saa tatu ya asubuhi, majirani wana haki ya kutaka maelezo.

Nimeyajaribu majibu kadhaa. "Tunatembeatembea tu" halifai, kwa kuwa kwetu kutembea ni kwenda kwa watu, na swali litakalofuata ni kwa nani. "Tunafanya mazoezi" ni baya zaidi: utaulizwa mashindano ni lini, na wiki ijayo utaulizwa ulikuwa wa ngapi. Jibu lililodumu ni lile la kweli: "Tunapanda mjini Kisii kunywa chai, halafu tunarudi." Mara ya kwanza nilimpa jirani yangu, omong'ina mmoja, yaani mama mzee, ambaye asubuhi hukaa nje ya lango lake akichambua mboga ya chinsaga. Aliweka mboga kando, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Kwani Suneka chai imeisha?"

Haijaisha. Chai ya Suneka ni nzuri, tena ina maziwa ya kutosha. Ila sisi tulikuwa tunaitaka njia yenyewe, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kumweleza kwamba njia nayo inaweza kuwa shughuli. Mwongozo huu ni sehemu ya maelezo hayo.

Kwa asiyepajua: Suneka ni mji mdogo wa eneo bunge la Bonchari, kaunti ya Kisii, kando ya barabara ya A1. Barabara hiyo inatoka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, inapita Migori na Rongo, inatufikia sisi, kisha inapanda hadi mji wa Kisii, kama kilomita 8 hivi, na kuendelea hadi Ahero. Tuna soko, tuna uwanja mdogo wa ndege, tuna steji ya matatu na pikipiki, na tuna mlima. Kwenda Kisii unapanda, kurudi unashuka. Ukishika hilo, nusu ya mwongozo umeishika.

Sasa marafiki. Watatu ni wachache: mmoja akipata pancha na wa pili akabaki naye, wa tatu amekuwa msafiri wa peke yake. Saba ni wengi, mtaonekana kama msafara wa kampeni na kila matatu itawapigia honi. Watano ndio kipimo changu. Sisi ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, fundi cherehani, binamu yangu anayeuza simu, na mimi. Usichague kwa nguvu za miguu. Chagua watu ambao unaweza kukaa nao kimya kwa nusu saa bila mtu kuona vibaya, kwa maana kwenye mlima pumzi ya kuongea huisha na kurudi, huisha na kurudi.

Siku ndiyo itakayokusumbua. Gusii, huku kwetu, ni nchi ya Wasabato wengi na Wakatoliki wengi. Makanisa yote mawili yalifika mwanzoni mwa karne ya 20, Wakatoliki wakajenga Nyabururu, Wasabato wakajenga Nyanchwa, na hadi leo kalenda ya wiki yetu imekatwa katikati. Jumamosi umempoteza mwalimu. Jumapili asubuhi umempoteza muuguzi. Katikati ya wiki umewapoteza wote pamoja na wewe mwenyewe. Sisi tuliafikiana juu ya Jumapili baada ya misa ya kwanza. Muuguzi wetu hutoka kanisani, anaingia kwa shangazi yake jirani na hapo, anavua gauni, na anatokea na suruali na raba za kukimbilia, tayari. Jambo hilo lilichukua wiki tatu kupangwa, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza ikikushinda.

Usisogeze safari mpaka mchana. Mvua ya huku haina likizo. Hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na inapenda alasiri. Utaona mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, upepo unabadilika, kuku wanarudi nyumbani, na baada ya hapo una dakika chache. Radi za Kisii zimeua watu, shuleni, shambani, chini ya miti. Zikianza kunguruma, acha baiskeli nje, ingia kwenye jengo, na mti uuache kabisa hata kama una kivuli kizuri namna gani. Ondokeni saa tatu, saa nane muwe mmerudi.

Tuje kwenye baiskeli. Utakuta za aina mbili. Kuna zile za gia zinazokuja na mitumba, nyepesi, zenye rangi, ambazo gia moja kati ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Na kuna Black Mamba, chuma cheusi chenye usukani mpana na breki za fito, ambacho babu zetu walikijua kwanza kwa jina la Raleigh, kutoka Nottingham, Uingereza, kisha kikaja kingine cha namna hiyohiyo kutoka India na China. Haina gia. Ina uzito wa kama kilo 20 kabla hujaifunga chochote. Mtu asiyeipenda atakuambia ni nzito. Mtu aliyekua nayo atakuambia haijawahi kumwacha njiani. Mimi ninayo hiyo, ilikuwa ya marehemu baba yangu, na kwenye bomba la katikati pamechubuka rangi mahali ambapo mimi mwenyewe nilikaa nikiwa mtoto, kiti cha taulo lililokunjwa mara nne, nikipelekwa kliniki.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo limetutokea na hatulizungumzi. Neno boda boda tunalolitumia kwa pikipiki lilikuwa la baiskeli. Lilizaliwa Busia miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wakibeba watu na mizigo kwenye keria zenye mto wa kukalia, kutoka mpaka mmoja kwenda wa pili. Baadaye kazi ile ikaenea miji mingi ya magharibi mwa Kenya. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na katika miaka michache steji zikabadilika sura. Siwalaumu vijana, mlima ni mlima, na injini haichoki. Lakini pamoja na abiria, baiskeli ilipoteza heshima. Ilipotoka kuwa gari la familia ikawa ushahidi kwamba mtu hajafaulu kununua pikipiki. Kijana wa leo atakubali kutembea kwa miguu kilomita tatu kuliko kuonekana juu ya Black Mamba ya babu yake. Hiyo ndiyo sababu ninakusihi upande yako mchana kweupe, barabara kuu, ukiwa umevaa shati lako zuri.

Siku moja kabla ya safari, nenda kwa fundi. Usiende asubuhi ya safari, atakuwa na foleni. Kila steji ina fundi wake chini ya mwembe au kando ya kibanda, na vifaa vyake vyote vimo ndani ya kasha la mbao: spana mbili tatu, msasa, gundi, mkasi, vipande vya tyubu kuukuu vya kukatia viraka, na beseni la maji lenye rangi ya chai ya rangi. Kaa umtazame. Atageuza baiskeli miguu juu, atachomoa upande mmoja wa tairi kwa vijiko viwili, aivute tyubu kama utumbo, aipige pampu mara chache na kuizamisha kwenye beseni, kidole kwa kidole, akiizungusha polepole. Maji yanatulia. Halafu, mahali ambapo hukutarajia, uzi wa mapovu unapanda, mdogo, mwembamba, na fundi anauziba kwa kidole gumba bila kusema neno. Anakausha kwa shati lake, anasugua msasa mpaka mpira ugeuke kijivu, anapaka gundi, anasubiri, akiwa anapuliza. Kusubiri ndiko kunakofanya kiraka kishike. Ukimharakisha, pancha itarudi ukiwa katikati ya mlima, na utakuwa umestahili. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kule Belfast mwaka 1887, alikuwa anamtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu isimtikise; sidhani alijua kwamba nusu ya maarifa ya jambo lile yatakuja kukaa kwenye beseni kama hili.

Kisha mwambie fundi aangalie breki, na usimame pale mpaka amalize. Kuhusu breki sitanii hata kidogo. Kabla sijaitengeneza ile ya baba niliwahi kukodi baiskeli kwa siku moja, na mwenyewe akanihakikishia kwamba iko sawa. Kupanda sikujua lolote, maana kupanda hakuna anayeshika breki. Kurudi, kwenye mteremko, nilibana vishikio nikasikia chuma kinagusa chuma. Raba zilikuwa zimeisha, zimebaki vibati vyake. Niliingia kwenye nyasi za kando nikaanguka kwa bega. Lori la miwa lilinipita baada ya muda mfupi, na upepo wake ulinipulizia vumbi machoni nikiwa bado chini. Bega lilipona. Tangu hapo hakuna anayeondoka katika kundi letu kabla sijabana breki zake zote mbili kwa mkono wangu na kuisukuma baiskeli mbele. Ikisogea, haendi. Ikinyesha, breki za fito hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hiyo siku ya mvua mteremko tunautembea kwa miguu, wote.

Haya, tumeondoka. Msiingie A1 mara moja. Anzeni kwa barabara za ndani, zile za udongo mwekundu zinazopita kati ya mashamba, ambako ndizi zinainama juu ya ua na mnaweza kwenda wawili wawili. Huko ndiko salamu zilipo. Kila mtu asalimiwe: "Bwakire." Ukiwa juu ya baiskeli una mwendo wa kusikia jibu, na hilo mwenye gari halipati. Watoto watawakimbilia, na mmoja atashika keria na kuning'inia. Punguza mwendo, msimamishe, mwambie ashuke, usimkemee. Kama kuna mgeni kutoka Nairobi au pwani katika kundi, mwonye mapema kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama na "tata" ni baba, asije akamwona mtoto anamkimbilia bibi akiita "baba" akadhani amesikia vibaya.

Mkifika A1, pangeni mstari mmoja, kushoto kabisa, na mwenye macho makali abaki nyuma. Barabara ile ina malori ya kwenda Isebania, mabasi yaliyosafiri usiku kucha na madereva wake wana usingizi, trekta za miwa, na Probox. Probox ni gari dogo la mizigo ambalo Kisii na Nyamira limegeuzwa kuwa basi. Litakupita likiwa na watu mbele, watu nyuma, na mtu mwingine kwenye buti ameshikilia mlango usifunguke. Husimama ghafla mahali popote ambapo mkono umeinuliwa. Kwa hiyo mkono wa abiria ulio mbele yako ndio taa yako ya trafiki. Uutazame huo kuliko gari lenyewe.

Halafu mlima unaanza, na hapa ndipo watu wengi huiharibu safari.

Wanaiharibu kwa kuwa wazima. Mwenye nguvu anainuka kwenye pedeli, anakaza, anapotea kwenye kona. Wa pili anamfuata kwa aibu. Wa tatu anatapika pembeni. Na wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye maneno mazuri kuliko wote, anausukuma mlima peke yake akiwa na uchungu. Wanakutana Kisii na hawana la kuzungumza. Kundi letu lina sheria moja tu, na tuliiandika kwa maji ya chai juu ya meza tukaipitisha: wa kwanza kushuka anashusha wote. Akishuka mwalimu, na kwa kawaida ni mwalimu, wote tunashuka, papo hapo, hata kama mwingine alikuwa na nguvu za kufika. Tunasukuma pamoja. Na akipanda tena yeye, ndipo tunapanda.

Mwanzoni binamu yangu alilalamika kwamba huku si kuendesha baiskeli, ni kuitembeza. Ni kweli. Lakini angalia kinachotokea watu wakisukuma baiskeli mlimani. Mko bega kwa bega, mikono ina kazi, macho yako barabarani, hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Baiskeli iko kati yenu kama kizingiti. Mtu anaweza kusema jambo ambalo mezani asingelisema. Ilikuwa hapo, kwenye mpando huo, fundi cherehani alipotuambia kwamba kwa miezi minne hajaliona tundu la sindano. Kwamba amekuwa akimwita mtoto wa jirani amtungie uzi na kumlipa kwa andazi, na kwamba mteja akija na kitambaa cheusi humwambia mashine ni mbovu. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akisukuma. Hakuna aliyesimama. Muuguzi aliuliza maswali mawili, jicho gani limeanza na kama linauma, tukaendelea kupanda. Jumanne iliyofuata alimpeleka kliniki ya macho. Siku hizi fundi cherehani ana miwani, na uzi anautunga mwenyewe, na wale wa vitambaa vyeusi wamerudi. Tangu siku hiyo binamu yangu hakulalamika tena.

Na mtawakuta wengine wanaosukuma. Karibu kila Jumapili tunamkuta mzee mmoja ana mikungu miwili ya ndizi, mmoja kila upande wa keria, anaipandisha mjini. Usimpite. Kumpita mtu anayesukuma mzigo ukiwa na keria tupu ni jambo baya, hata kama hakuna atakayekusema. Msalimu: "Omogaka, bwakire." Kisha mmoja wenu ampe mwenziwe baiskeli yake na aweke kiganja nyuma ya keria ya mzee, asukume. Mkono mmoja unatosha. Utamwona mgongo wake unanyooka. Mara ya kwanza alituuliza tunataka malipo gani. Mara ya pili alituuliza tunakwenda wapi, na tulipomwambia, alifikiri mpaka kona iliyofuata, akasema zamani wao pia walikuwa wakienda hivyo, vijana wa kijiji kizima, kumsindikiza mmoja wao akienda kuchumbia, na kwamba yule aliyeoa hakumbuki chakula, anakumbuka njia.

Kuhusu muuguzi wetu nina neno. Mwanamke juu ya baiskeli huku bado anatazamwa kwa namna ambayo mwanamume hatazamwi. Wapo watakaomwita kwa maneno ya kipuuzi kutoka kwenye vibanda, na wapo wazee watakaokuuliza wewe, si yeye, kama mumewe anajua. Wewe usimjibie. Yeye ana majibu yake, na ni makali kuliko yako. Kazi yako ni moja: usiongeze mwendo kumwacha, na usipunguze kumlinda kama yai. Nendeni kama kawaida. Wasichana wawili wa darasa la saba walisimama kando ya barabara mwezi uliopita wakamtazama akipita, na mmoja akamwambia mwenziwe, kwa sauti tuliyoisikia sote, "Umeona?" Nani alikuwa amewaambia kwamba hawawezi, sijui, lakini wameona.

Mtu akikuambia milima ndiyo inayozuia baiskeli, mtajie Kigali. Mji ule umekaa juu ya vilima kama sisi, na Septemba 2025 ndiko kulikofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza barani Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia aliyeshinda mbio kuu za wanaume alitokwa jasho kwenye mipando ya aina hii hii. Tena miaka kadhaa kabla ya hapo Kigali walikuwa wameanza kufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi, ili watu watembee, wakimbie na kunyonga baiskeli. Na hapa Kenya, Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na akafundwa akiwa kijana na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu. Mlima haujawahi kuwakatalia. Kisii ikitufungia barabara moja tu, kwa saa tatu tu, Jumapili moja kwa mwezi, nitaipeleka Black Mamba ya baba yangu iwe ya kwanza kabisa, imeoshwa.

Mkiingia mjini, shukeni. Mji wa Kisii wenyewe umejengwa kwenye mteremko, na barabara kuu ni mikokoteni, matatu, Probox, akina mama wenye parachichi zilizopangwa piramidi, na watu wanaovuka mahali popote. Hakuna anayetegemea baiskeli, kwa hiyo hakuna anayekutazama. Sukumeni mpaka kwenye hoteli. Chagueni ile yenye meza karibu na dirisha au mlango, zungusheni cheni moja kupitia magurudumu yote matano mpaka kwenye nguzo, na mwombeni mlinzi wa duka la jirani atupie jicho. Mkitoka mpeni chai yake. Nimesikia watu wakisema hawawezi kuja mjini na baiskeli kwa sababu hakuna pa kuiacha. Ni kweli hakuna, na kaunti ingeweza kuchomelea vyuma vichache vya kufungia mbele ya soko la Daraja Mbili kwa gharama ndogo kuliko bango moja la siasa. Mpaka hapo, nguzo na mlinzi.

Chai iwe ya maziwa, na chapati mbili kila mtu. Msikae zaidi ya saa moja. Miguu ikipoa huwa migumu, na mawingu hayawangojei. Mahindi ya kuchoma nunueni mkiwa mmesimama, yale ambayo mama wa makaa anayageuza kwa vidole bila kuungua. Limau na pilipili juu.

Mteremko wa kurudi ni mtamu, ndiyo maana ni wa hatari. Achaneni kwa umbali wa baiskeli tano au sita. Mzito atangulie, kwa sababu uzito humsukuma na hapendi kushika breki nyuma ya mwepesi. Bana kidogo, achia kidogo, bana kidogo; ukibana moja kwa moja rimu inapata moto na raba zinalainika. Usiondoe mkono kwenye usukani kumpungia mtu. Kwa dakika kama kumi hutasema neno na hutasikia neno, ila upepo, na harufu ya moshi wa jikoni, na nyasi zilizokatwa, na chini kabisa mabati ya Suneka yanang'aa. Hapo ndipo mwalimu, mtu wa miaka hamsini na tatu mwenye shahada mbili, hupiga kengele bila sababu mpaka tufike chini.

Jambo la mwisho, na usilisahau: rudi na kitu. Usifike nyumbani na keria tupu. Kule mlikotoka walikuona ukiondoka bure, na usiku utakapokuwa umelala wataendelea kulizungumza. Kabla hamjafungua cheni mjini, nunua mkate. Ufunge kwenye keria kwa mpira wa tyubu, usikaze sana.

Jumapili iliyopita nilifika langoni kwa omong'ina saa nane kasoro, matone ya kwanza yakianza. Mboga zilikuwa zimeshaingia jikoni, yeye bado yuko pale nje, akitazama mawingu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliutazama ule mkate, umebonyea katikati mahali mpira ulipopita, akaubonyeza kutoka upande wa pili ili urudi, akaniambia niingie, chai iko motoni, na niwaite wale wengine pia.